Nani Aliyempa Hifadhi Rabi Duran?



Kuna sauti ya mhadhiri mmoja inayozunguka katika simu za vijana wetu. Jina lake hatulitaji, kwani hatukukusudia kumfedhehesha mtu. Tumekusudia kuyajibu maneno. Anasema, tena kwa ukali mwingi, kuwa Waislamu hawakupata hata siku moja kukaa na Myahudi kwa amani. Kuwa wazee wetu hawakumpa Myahudi nafasi katika miji yao ila pale alipopenya kwa hila. Na kuwa yeyote anayemtaja mwanachuoni wa Kiyahudi kwa wema, huyo keshanunuliwa. Maneno haya yamepigiwa takbira, na vijana wameyahifadhi kama wanavyohifadhi sura fupi.

Lau yangekuwa maneno ya hasira tu tungeyanyamazia. Hasira ina sababu yake. Mtu anayetazama yaliyowafika watu wa Gaza tangu mwaka 2023, watoto wakichimbuliwa chini ya vifusi vya nyumba zao, kisha asione uchungu, huyo ana maradhi ya moyo. Lakini uchungu ni jambo moja, na kuwazulia wazee wetu ni jambo jingine. Na uzushi huu una ubaya ambao mhadhiri wetu hakuufikiria. Wenye siasa ya Kizayuni wamekuwa wakihubiri kwa zaidi ya miaka mia kuwa Myahudi hana pa kupumulia duniani ila katika dola yake peke yake, na wengi wao wakaongeza kuwa Mwislamu amemchukia tangu kale na atamchukia daima, basi kuzungumza naye ni kupoteza wakati. Sasa tazama, ndugu msomaji: mhadhiri wetu kapanda mimbari, akawapa hoja yao ileile, bure bilashi, na tena kwa jina la Uislamu! Wao walikuwa wanatafuta shahidi, naye kajileta.

Sisi tutamjibu kwa mtu mmoja na mji mmoja. Mtu ni Shimon ben Tzemach Duran, rabi ambaye Mayahudi humwita kwa ufupi Rashbatz. Mji ni Algiers, bandari ya Maghribi ambayo Waarabu huiita Al-Jazair.

Duran alizaliwa mwaka 1361, akaishi katika mji wa Palma, kisiwani Mallorca, chini ya ufalme wa Kikristo wa Aragon. Alikuwa tabibu, akajua hesabu na elimu ya nyota, ambayo baba yake pia aliijua, na juu ya yote hayo akawa mjuzi wa sharia ya Kiyahudi. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya watu wenye nafasi. Kisha ukaja mwaka 1391. Huko Uhispania alikuwapo shemasi mkuu mmoja aitwaye Ferrand Martínez, ambaye kwa miaka mingi alihubiri Mayahudi wapokonywe mahekalu yao. Mwezi Juni mwaka huo watu wa Seville wakayaangukia mitaa ya Mayahudi kwa panga na moto. Moto ule ukatembea mji kwa mji: Valencia mwezi Julai, Palma na Barcelona mwanzoni mwa Agosti. Waliouawa ni maelfu. Waliobatizwa kwa nguvu ni wengi zaidi, na wale waliobatizwa ndio ambao watoto na wajukuu zao walikuja kusakwa na mahakama ya dini ya Wahispania karne iliyofuata, eti hawakuingia Ukristo kwa moyo safi.

Mtu aliyeokoka Palma akisimama ufukweni, alikuwa na njia mbili. Kaskazini ni nchi za Manasara. Kusini, ng'ambo ya maji ya kiasi cha kilomita 300, ni Algiers, mji wa Kiislamu. Duran, na baba yake na dada yake, walipanda chombo wakaelekea kusini. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mali yake imekwisha. Na hakuwa peke yake. Rabi mkubwa kumshinda, Isaac ben Sheshet, mzaliwa wa Barcelona mwaka 1326 na aliyekuwa rabi wa Valencia, mzee wa miaka zaidi ya sitini, naye alivuka bahari; akakaa Miliana kwanza, kisha Algiers.

Hapa tungependa mhadhiri wetu atege sikio vizuri. Isaac huyo, ambaye Mayahudi humwita Rivash, aliacha kitabu cha fatwa zake, na ndani yake imehifadhiwa habari ya jahazi lililofika na wakimbizi 45 kutoka Mallorca, Valencia na Barcelona. Liwali wa mji alitaka washuke, kwani aliona watu wale watauletea mji faida. Wasiotaka washuke ni baadhi ya Mayahudi wenyeji! Waliogopa wageni watazidi na riziki yao itapungua. (Tabia hii haina dini, kila aliyewahi kuona mgeni anafungua duka mkabala na la mwenyeji anaijua.) Basi wakaenda kwa kadhi wa Kiislamu wamwombe awazuie wageni. Kadhi akawakemea, akawarudisha. Ikabaki kuwa anayeshuka alipe ada, lakini mlango haukufungwa.

Kadhi yule alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kidunia ya kuufunga mlango. Wageni walikuwa si wa dini yake, wenyewe kwa wenyewe hawakupatana, na aliyekuja kuomba wazuiwe alikuwa mtu wa jamaa zao. Angeweza kusema: haya ni mambo yenu, nimewasikiliza. Hakusema hivyo.

Duran alianza maisha mapya kwa utabibu, lakini utabibu Algiers haukumpa chakula cha kutosha. Ikambidi akubali mshahara wa kuwa kadhi wa Mayahudi wenziwe. Jambo hili lilimuumiza, kwa kuwa Musa bin Maimun, yule tabibu mkubwa wa Misri aliyekufa mwaka 1204, alikuwa amekataza vikali mwanachuoni kuifanya dini kuwa chombo cha kuchumia. Duran akaandika maneno marefu ya kujieleza: kwamba lau kama utabibu ungemlisha asingeipokea hata dirhamu moja, na kwamba kama hapana budi basi sharia ina nafasi. Tunamtajia mhadhiri habari hii makusudi. Kuna watu katika zama zetu wanaopokea bahasha kila baada ya mawaidha, na hatujasikia hata mmoja wao akiona haya ya kuandika ukurasa mmoja wa kujieleza.

Mwaka 1394 Duran aliandika kanuni za jamaa zake wakimbizi, juu ya mikataba ya ndoa, mahari, talaka na mirathi, nazo zikafuatwa na Mayahudi wa Algiers kwa karne nyingi. Fikiri maana yake. Watu waliofika miaka mitatu nyuma wakiwa na nguo za mwilini walikuwa tayari wana mahakama yao, na hukumu zao zinapita katika mji ambao mwenye amri ni Mwislamu.

Tena kuna jambo la kushangaza zaidi. Rivash aliwekwa katika ukadhi wa Mayahudi kwa amri ya mtawala wa Kiislamu, nasaba ya Banu Zayyan wa Tlemcen. Duran hakupendezwa. Si kwa kumdharau mzee, maana alimheshimu mno na mwishowe akamwachia kwa ajili ya elimu yake na umri wake, bali aliona kuwa kadhi wa dini asitoke mkononi mwa sultani. Rivash alipofariki mwaka 1408, watu wakamtaka Duran akae mahali pake. Akakubali kwa sharti: wasiende kwa mtawala kutaka idhini ya uteuzi wake. Sharti likakubaliwa, akakaa katika kiti kile mpaka alipokufa mwaka 1444, miaka thelathini na sita. Basi tuseme wazi: ilikuwapo bandari ya Kiislamu ambamo rabi mkimbizi aliweza kusema kuwa sultani asimguse katika kazi yake ya dini, na akaachwa. Leo tuhesabu ni miji mingapi ya Kiislamu ambamo mufti Mwislamu anaweza kutamka sharti kama lile. Tutamaliza kuhesabu kabla ya kahawa kupoa.

Na usidhani kuwa Algiers ya siku zile ulikuwa mji mlegevu wa dini. Msikiti wake mkubwa uliojengwa na Murabitun mwaka 1097 ulikuwa umesimama karibu miaka 300 alipofika Duran, na mnara uliojengwa na Banu Zayyan mwaka 1324 ndio uliomlaki kutoka baharini. Katika miaka ileile ya Duran aliishi Sheikh Abdurrahman Ath-Thaalibi, aliyezaliwa mwaka 1384 na kufariki mwaka 1471, mwenye tafsiri ya Qur'ani iitwayo Al-Jawahir al-Hisan, ambaye mpaka leo watu wa Algiers humhesabu kuwa ndiye walii wa mji wao. Mji mmoja, zama moja: huku walii anafasiri Qur'ani, kule rabi anahukumu kwa Taurati.

Sasa tufike penye mwiba, maana hatupendi mtu aseme tumeficha. Mwaka 1423 Duran aliandika kitabu alichokiita kwa Kiebrania Upinde na Ngao. Sehemu moja aliwajibu Manasara, na sehemu ya pili akatushambulia sisi. Alikana utume wa Mtume wetu (S.A.W.), akapinga dai letu kuwa Qur'ani ni muujiza. Naye hakuwa mbumbumbu wa kupayuka. Alivijua vitabu vya wanafalsafa wa Kiislamu, na silaha nyingine alizitwaa katika ghala letu wenyewe. Sisi tunaamini kuwa alikosea, tena alikosea katika jambo kubwa kupita yote. Lakini aliandika akiwa ndani ya mji wa Kiislamu, akaishi miaka 21 baada ya kuandika, akafa kitandani mwake mzee wa miaka 83, na mwanawe Solomon akarithi kiti chake.

Mhadhiri atasema: aliandika kwa Kiebrania, Waislamu wangejuaje? Hoja hii ina uzito kidogo, hatuitupi. Bila shaka lugha ilimsitiri. Lakini si kweli kuwa Waislamu wa Maghribi hawakuwa na macho ndani ya vitabu vya Kiyahudi. Huko Sabta, mwishoni mwa karne ya 14, alikuwapo Abdulhaq al-Islami, Myahudi aliyesilimu, akaandika kitabu cha kuwajibu Mayahudi kwa kutumia maandiko yao ya Kiebrania. Kabla yake alikuwapo Samau'al al-Maghribi katika karne ya 12, naye alisilimu akaandika mfano wa hayo. Na kabla yao wote Ibn Hazm wa Cordoba, aliyekufa mwaka 1064, ambaye kalamu yake haikumwonea haya Myahudi wala Mkristo, wala Mwislamu mwenziwe. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya wenye elimu: kitabu kikajibiwa kwa kitabu. Surat al-Ankabut katika aya ya 46 imetuamuru tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa namna iliyo bora. Aya imeruhusu mjadala na imeuwekea adabu. Mhadhiri wetu kauondoa mjadala, na adabu kaiondoa pia.

Yupo ndugu mwingine atakayeinuka kutoka upande wa pili, wa wale wanaopenda kuwaambia Wazungu katika mikutano kuwa chini ya Uislamu Mayahudi waliishi peponi. Huyu naye hatumsaidii. Mayahudi walilipa jizya na walikuwa chini ya masharti. Kuhukumu kwa Mwislamu ndiko kulikokuwa juu. Muwahhidun katika karne ya 12 waliwalazimisha kusilimu, na ukoo wa Musa bin Maimun ulihama Cordoba kwa sababu yao. (Alikohamia hatimaye pia ni kwa Waislamu, Misri, akawa tabibu wa Al-Qadhi al-Fadhil, waziri wa Salahuddin.) Katika Algiers hiyohiyo, mwaka 1805, baada ya askari mmoja kumuua Naphtali Busnach, tajiri wa Kiyahudi aliyekuwa karibu na Dey, mitaa ya Mayahudi iliporwa na watu wasio na hatia wakachinjwa. Na huko Constantine mwezi wa Agosti mwaka 1934 waliuawa Mayahudi 25. Haya yametokea, na aliyeyafanya atayajibu mbele ya Mola wake. Surat al-Maida katika aya ya 8 inakataza chuki ya watu isitupeleke kwenye kuacha uadilifu, na kusema kweli juu ya makosa yetu ni katika uadilifu huo.

Mhadhiri ana shahidi wake mmoja mwenye nguvu, na kwa insafu tumtajie sisi wenyewe: Sheikh al-Maghili, ambaye mwishoni mwa karne ya 15 aliwasimamia Mayahudi wa Tuat, katika Sahara, mpaka hekalu lao likavunjwa. Ndiyo. Lakini nani alimpinga? Kadhi wa Tuat mwenyewe, Abdallah al-Asnuni. Suala lile likapelekwa kwa maulamaa wa Fez, Tunis na Tlemcen, na majibu yakaja yamegawanyika. Wako waliomuunga mkono, wako waliokataa. Basi anayemtaja al-Maghili peke yake kama kwamba ndiye Uislamu wote, na al-Asnuni akamzika kimya, amefanya khiyana katika elimu.

Na ni nani aliyekata kamba ya Algiers? Hapa ndipo mhadhiri angepaswa kuielekezea hasira yake, laiti angesoma. Wafaransa waliuteka mji mwaka 1830. Tarehe 24 Oktoba 1870 wakatoa amri, ijulikanayo kwa jina la waziri Crémieux, ya kuwafanya Mayahudi wa Algeria, kiasi cha 35,000, kuwa raia wa Ufaransa kwa mkupuo mmoja. Waislamu wakaachwa kuwa watawaliwa, wenye sheria zao za adhabu za peke yao. Majirani waliokuwa wakiishi mtaa mmoja, wakisema Kiarabu kimoja, siku moja wakaamka mmoja bwana na mwingine mtumwa. Mkoloni alijua anachokifanya. Kisha tazama thamani ya zawadi yake: mwaka 1940 serikali ya Vichy ikaifuta amri ile, na Mayahudi wakapokonywa uraia, wakafukuzwa makazini, na watoto wao wakaondolewa mashuleni. Katika siku hizo ngumu Sheikh Tayyib al-Uqbi, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa Jumuiya ya Maulamaa wa Algeria mwaka 1931, aliposikia kuwa wafuasi wa Vichy wanapanga kuwapiga Mayahudi wa Algiers, aliwakataza Waislamu wasiwaguse. Kumbuka kuwa hawa ni watu ambao miaka 70 nyuma walipandishwa juu ya mabega ya Waislamu. Kisasi kilikuwa mezani kimepakuliwa, naye akakataa kukila.

Uhuru ulipokuja mwaka 1962, Mayahudi karibu wote wakaondoka pamoja na Wafaransa, zaidi ya watu laki moja, na wengi wao walikwenda Ufaransa. Vita vilikuwa vibaya, damu ilikuwa imemwagika pande zote, na ile amri ya 1870 ilikuwa imewahesabia kundi. Hivyo ndivyo ilivyokwisha jamii ambayo Rivash na Duran waliijenga upya kwa mikono yao. Mhadhiri anayasimulia matokeo haya kana kwamba yaliandikwa tangu Khaybar. Yaliandikwa Ufaransa, kwa wino wa Kifaransa, na tarehe tunaijua.

Makaburi ya marabi wawili wale yako Algiers mpaka leo, katika maziara ya Kiyahudi kwenye kitongoji cha pwani ambacho Wafaransa walikiita Saint-Eugène. Baada ya uhuru kitongoji kile kikaitwa Bologhine, yaani Buluggin bin Ziri, amiri wa Kiislamu aliyeujenga mji wa Algiers katika karne ya 10. Duran amelala chini ya jina la aliyeujenga mji uliompokea. Hakuna aliyekusudia maana yoyote katika jambo hilo, lakini ndivyo lilivyo.

Tumesema tuliyokuwa nayo, na kurasa hizi ziko wazi kwa jawabu la mhadhiri, tutalichapa bila kupunguza neno. Tunamwomba jambo moja tu katika jawabu lake. Amesema anayemtendea au kumtaja Myahudi kwa wema keshanunuliwa. Basi na atuambie, yule kadhi wa Algiers aliyekataa kuwarudisha baharini watu 45 wasiokuwa wa dini yake, alinunuliwa na nani, na kwa bei gani.